Siku Nzima Mkiani mwa Msafara

Kwa miaka mingi niliyokuwa mwanachama wa klabu yetu ya pikipiki nilikuwa nikiiwania nafasi ya mbele. Niliamini kwamba anayeiona barabara kwanza ndiye anayeifaidi, na kwamba waliobaki nyuma wanakula vumbi lake tu. Jumamosi iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kufunga msafara, yaani kuendesha nyuma ya watu wote tangu tunaondoka hadi tunarudi, kilomita 180 za njia za mashambani ambazo sehemu yake kubwa haina hata mstari wa kugawa barabara. Nimerudi nikiwa na mawazo mengine kabisa kuhusu msafara ni kitu gani na unaendeshwa kwa ajili ya nani, na ninaona ni wajibu wangu kuyaandika yangali mabichi.

Tulikuwa pikipiki 14. Katika utaratibu wetu mfunga msafara ndiye anayebeba pampu, spana, vifaa vya kuziba pancha na sanduku la huduma ya kwanza, na ndiye pia anayezipitia pikipiki zote kabla hazijawashwa. Nilianza na matairi, kwa sababu upepo hupimwa tairi likiwa baridi. Likishatembea, joto hupandisha shinikizo na kipimo hudanganya. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mkono, kwa hiyo uzito wote wa mtu na chombo chake, kila breki na kila kona, huwekwa juu ya viganja viwili. Nilipata matairi mawili yaliyopungua upepo, na wenyewe hawakuwa na habari.

Pikipiki ya tano ilikuwa na cheni iliyokazwa kupita kiasi. Mwenyewe, kijana mwangalifu ambaye huosha chombo chake kila wiki, alikuwa ameirekebisha usiku uliotangulia akidhani kwamba cheni iliyokaza ndiyo salama. Nilimwomba aisukume juu na chini kwa kidole, upande wa chini, katikati ya sproketi ya mbele na ya nyuma, yaani magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Haikucheza hata nusu sentimita. Pikipiki nyingi za barabarani huhitaji mchezo wa sentimita 2 hadi 3 hivi, kwa sababu gurudumu la nyuma linapopanda na kushuka juu ya mashimo, umbali kati ya sproketi hizo mbili hubadilika na cheni hujikaza yenyewe. Isipokuwa na nafasi ya kujikaza, mzigo wote huangukia beringi na pini za cheni, na mwisho wake ni kukatika. Ikilegea mno nayo huweza kuruka meno na kulifunga gurudumu ukiwa mwendoni. Tulilegeza nati ya ekseli, tukarudisha skrubu za pande zote mbili kwa kipimo kimoja, kisha tukalizungusha gurudumu polepole tukitafuta mahali ambapo cheni imekaza zaidi, maana cheni haichakai sawasawa, tukapimia hapo. Ilituchukua robo saa. Watu 12 walisubiri wakiwa wamevaa makoti mazito na kofia zao mkononi, na hakuna aliyenung'unika.

Baada ya hapo kiongozi wa msafara, mzee wetu ambaye ameendesha pikipiki kwa zaidi ya miaka 30, alitukusanya na kutugawa makundi mawili ya pikipiki saba saba. Idadi hiyo haikuwa ya kubahatisha. Motorcycle Safety Foundation, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1973, hushauri kundi liwe na waendeshaji watano hadi saba, na wakizidi hapo wagawanywe. Mtu aliyewahi kufuata msafara wa pikipiki 20 katika barabara yenye kona hahitaji kuelezwa sababu. Mzee aliongoza kundi la kwanza, msaidizi wake akaongoza la pili, nami nikawa wa mwisho katika kundi la pili. Dada mmoja aliyejiunga nasi miezi michache iliyopita aliwekwa wa pili katika kundi letu, moja kwa moja nyuma ya kiongozi. Watu wengi hudhani kwamba mgeni anapaswa kukaa nyuma asiwasumbue wengine, jambo ambalo ni kosa kubwa. Akikaa nyuma ya kiongozi huona mstari mzuri wa kuingilia kona, na kiongozi humwona kwenye kioo na kuupima mwendo wake kwa yule aliye nyuma yake. Mwenye uzoefu mkubwa ndiye anayepaswa kuwa nyuma, kwa sababu ambazo nilikuja kuzielewa vizuri kabla ya saa sita mchana.

Kwenye barabara iliyonyooka tunaendesha kwa kupishana. Wa kwanza hukaa upande ulio karibu na katikati ya barabara, wa pili hukaa upande wa ukingo akiwa sekunde moja nyuma yake, wa tatu hurudi upande wa katikati akiwa sekunde mbili nyuma ya wa kwanza, na hivyo hivyo hadi mwisho. Sekunde mbili zinasikika kama kitu kidogo, lakini kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni mita 33 hivi, na kwa kilomita 90 ni mita 50. Ndiyo maana tunahesabu sekunde badala ya mita: mwendo ukiongezeka, nafasi nayo hujirefusha bila mtu kukumbushwa. Kona zinapoanza, mpangilio huo huvunjwa na kila mmoja hushika foleni moja, sekunde mbili au zaidi kati yake na aliye mbele, ili awe na upana wote wa upande wake wa barabara. Ishara zote hutolewa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umeshika mafuta na breki ya mbele: kidole kimoja juu ni foleni moja, vidole viwili ni kurudi kwenye kupishana, kiganja kinachoshushwa kuelekea chini ni kupunguza mwendo, kidole kinachoelekezwa kwenye tangi ni haja ya petroli. Hatari iliyoko barabarani huonyeshwa kwa mkono wa kushoto au kwa mguu wa kulia, kutegemea iko upande gani. Mzee alirudia ishara hizi zote ingawa wengi wetu tunazijua kwa moyo, akamtazama kila mmoja hadi alipoitikia.

Barabara kuu tuliimaliza upesi, na sina mengi ya kusema juu yake. Tulipochepuka tukaanza kupanda vilima, hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

Njia ile imefuata umbo la ardhi badala ya kuikata. Inazunguka kila kilima, inashuka hadi kwenye mkondo wa maji, inavuka daraja jembamba, inapanda tena kati ya mashamba, kisha inaingia ghafla chini ya miti iliyokutana juu kama dari. Ukitoka juani na kuingia kwenye kivuli kile macho huchukua muda kuzoea, na sekunde hizo chache ndizo ambazo majani yenye unyevu na udongo ulioachwa na magurudumu ya trekta havionekani. Harufu pia hubadilika kabla ya mwonekano: udongo uliolimwa, kisha majani yaliyokatwa, kisha maji. Mtu aliye ndani ya gari hupita mahali pale akiwa amefunga vioo. Sisi tulipita tukihisi baridi ya kila bonde kwenye vifundo vya mikono na joto la kila mwinuko likiingia kwenye mikunjo ya koti. Kutoka nyuma niliwaona wenzangu sita wakilala mmoja baada ya mwingine katika kona ileile, kama watu wanaopokezana kitu mkononi, na ninakiri kwamba katika miaka yote niliyokuwa mbele sikuwahi kuona jambo zuri namna ile, kwa kuwa lilikuwa likitendeka mgongoni mwangu.

Lakini nililiona na lile jingine. Msafara huvutika kama mpira. Kiongozi anapoingia kona kwa kilomita 50 kwa saa na kutoka akiongeza mafuta hadi 80, wa pili bado yumo ndani ya kona, wa tatu ndiyo kwanza anaingia, na wa saba bado anashika breki. Kila mmoja anayechelewa kidogo kuongeza mwendo humwachia aliye nyuma yake pengo kubwa kuliko alilolipata yeye. Anayelipa ni wa mwisho: kiongozi akiwa ametulia kwenye 80, mimi nililazimika kwenda 95 ili kulifunga pengo, na mara nilipokaribia kulifunga kona nyingine ilinisubiri, nikashika breki kwa nguvu kuliko mtu yeyote aliye mbele yangu. Nguvu za mwendo hazipandi kwa kadiri moja na mwendo wenyewe. Ukiuzidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Kwa hiyo mtu wa nyuma hufanya kazi ngumu zaidi juu ya barabara ileile, na mtu wa mbele hana habari, kwa sababu kwake yeye safari ni tulivu kabisa. Nilikumbuka misafara niliyoiongoza mimi mwenyewe, nikajua kwamba kila nilipotoka kwenye kona kwa furaha nikavuta mafuta hadi mwisho, kulikuwa na mtu nyuma niliyemkabidhi deni hilo bila kumwuliza.

Kiongozi mzuri hufanya kinyume. Akitoka kwenye kona huongeza mwendo kidogo kidogo, na kwenye barabara iliyonyooka huenda polepole kuliko anavyotamani hadi aone taa ya mwisho kwenye kioo. Na anayefuata, akiona pengo, hulikubali pengo. Hilo la pili ndilo gumu zaidi kwa watu wenye moyo wa ushindani, na ndilo lililotuletea balaa.

Mbele yangu aliendesha mwenzetu mwenye uzoefu wa miaka mingi na pikipiki yenye nguvu kubwa. Tulikuwa tumeachwa nyuma na trekta lililoingia barabarani kutoka shambani baada ya watano kupita, na tulipolipita hatukuona mtu mbele yetu. Niliona mabega yake yakiinama. Alikuwa anawafukuza. Kona mbili alizipita vizuri, japo kwa mwendo ambao mimi sikuufuata. Ya tatu ilikuwa ya ile aina inayoanza wazi kisha hujikunja zaidi katikati, na ndani yake, pale inapojikunja, magari yalikuwa yamerusha kokoto kutoka kwenye kiingilio cha shamba. Niliona taa yake ya breki ikiwaka akiwa tayari amelala, pikipiki ikasimama wima kama inavyofanya ikishikwa breki ya mbele ndani ya kona, na kutoka hapo haikukunja tena. Ilienda moja kwa moja, ikavuka hadi upande wa pili wa barabara, ikaingia kwenye nyasi za ukingoni na kuangukia ubavu wa kushoto hatua chache kabla ya nguzo za ua wa senyenge. Hakuna gari lililokuwa linakuja. Ninaiandika sentensi hiyo na mkono wangu bado ni mzito.

Alikuwa amesimama tayari nilipomfikia. Nilimwuliza, "Kaka, umeumia wapi?" Akasema hajaumia, nami nikamwomba akae chini hata hivyo, asivue kofia upesi, aninyooshee vidole vya mikono yote, kwa sababu mtu aliyeanguka huwa hajui ameumia wapi mpaka damu itulie. Koti lilikuwa limechubuka kwenye kiwiko hadi kuonyesha kitambaa cha ndani, na chini yake ngozi ilikuwa nzima. Mkono wa klachi kwenye usukani ulikuwa umekatika nusu, kikabaki kipande cha kutosha vidole viwili. Indiketa ya kushoto ilining'inia kwa waya.

Tulipokaa kwenye nyasi aliniambia jambo ambalo kila mwendeshaji anapaswa kulitafakari. Alisema kwamba alipoona kokoto alizitazama, kisha akatazama nguzo za ua, na tangu hapo hakuweza kutazama kitu kingine. Pikipiki huenda yanakoelekea macho. Ukiikazia macho nguzo utaifikia nguzo, hata kama pembeni yake kuna nafasi ya kupita lori. Angeyapeleka macho yake pale kona inapoishia na kuusukuma mbele usukani kwa mkono wa upande ule ule wa kona, pikipiki ingelala zaidi na huenda ingeimaliza kona ile, kwani ukiwa mwendoni pikipiki hukunja kwa namna inayowashangaza wanaoanza: unasukuma mkono wa kulia ili uende kulia, na wa kushoto ili uende kushoto. Yeye anayajua haya yote. Amewafundisha wengine. Lakini alikuwa na haraka ya kuwafikia wenzake, na haraka ilimpokonya ujuzi wake kwa sekunde mbili.

Mwaka 1981 ilitoka ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambao wachunguzi wake walikwenda kwenye maeneo ya ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Takriban robo tatu ya ajali hizo zilihusu pikipiki kugongana na chombo kingine, mara nyingi zaidi kwa sababu dereva wa gari hakuiona pikipiki. Robo iliyobaki zilikuwa za pikipiki peke yake, na katika theluthi mbili hivi ya hizo kosa lilikuwa la mwendeshaji: kuanguka kwa kushika breki kupita kiasi, au kutoka nje ya kona kwa sababu ya mwendo au kutoikunja vya kutosha. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo zamani na kuiona kuwa habari za watu wengine. Safari hii niliiona ikitendeka mita 60 mbele ya taa yangu, kwa mtu ninayempenda.

Kuna pikipiki moja tu ambayo haikuendelea bila sisi. Kwenye kila njia panda klabu yetu humwacha mtu: aliye nyuma ya kiongozi husimama mahali panapoonekana, huwaelekeza wanaofuata, na haondoki hadi mfunga msafara afike. Kisha hurudi barabarani mbele ya mfunga msafara, na kwenye njia panda inayofuata husimama mwingine. Kwa hiyo dada yetu mgeni alikuwa amesimama peke yake kwenye njia panda ya kilomita 4 mbele, pikipiki yake imeegeshwa nje ya lami, amevua kofia ili aonekane, na alikuwa amekaa hapo zaidi ya nusu saa bila kujua lililotupata. Nilimwuliza kama hakuingiwa na hofu. Akajibu, "Niliambiwa nisiondoke mpaka nikuone wewe, kaka. Sikukuona." Kiongozi wa kundi alipoona hatumfikii alikuwa amewasimamisha wengine mahali salama na kurudi mwenyewe polepole kutufuata, kama inavyotakiwa.

Utaratibu huo wa kuacha mtu kwenye njia panda haukuanza nasi, lakini sisi tuliuchukua baada ya kosa langu. Miaka sita iliyopita niliongoza msafara katika njia za ndani bila kuacha mtu, nikiamini kwamba kila mmoja anamwona aliye mbele yake. Mwenzetu mmoja alisimama kufunga kamba ya mzigo, akakuta njia panda tupu, akachagua upande usio wake, na aliendesha zaidi ya saa moja kuelekea mahali ambapo simu haikushika. Petroli ilimwishia jioni. Nilimpata usiku akiwa ameketi kando ya pikipiki yake, na hakunilaumu hata kidogo, jambo ambalo liliniumiza kuliko lawama. Tangu siku hiyo tunapanga pia vituo vya petroli kwa tangi dogo kuliko yote katika msafara. Tangi la lita 10 kwenye pikipiki inayotumia lita 4 kwa kilomita 100 haliwezi kupita kilomita 250, na kwenye vilima hupungua. Kwa hiyo mwenye tangi la lita 20 husimama pamoja nasi hata kama hana haja.

Sehemu ya njia iliyofuata haikuwa na lami kabisa. Ilikuwa kilomita 25 za udongo mgumu na changarawe, na kwa mtu wa nyuma zilikuwa kilomita za vumbi. Hapo sekunde mbili hazisaidii kitu. Tuliachana hadi kila mmoja alipoweza kuona ardhi iliyo mbele ya gurudumu lake, na mimi nilikaa mbali zaidi, nikifuata wingu lao likielea juu ya ua wa miti. Kwenye changarawe pikipiki hucheza chini yako na hupaswi kupigana nayo. Unasimama kidogo juu ya vikanyagio, unalikumbatia tangi kwa magoti, unalegeza viwiko, unaacha usukani utafute njia yake, na unatumia breki ya nyuma zaidi ya ulivyozoea, kwa kuwa gurudumu la mbele likiteleza hapo huna muda wa kulirudisha. Mwenzetu aliyeanguka aliendesha kwa vidole viwili vya klachi, akibadilisha gia kwa nadra, na sijawahi kumwona akiendesha vizuri kama saa ile.

Tulipumzika juu ya bonde, mahali ambapo barabara hupanuka na mto huonekana ukijikunja chini kati ya mashamba kwa kilomita nyingi. Kila mtu alikunywa maji. Upepo wa mwendo hukausha jasho kabla hujalihisi, na mtu huweza kuishiwa maji mwilini huku akidhani kwamba anasikia baridi. Uchovu wa baada ya adhuhuri, ambao watu huulaumu umri, mara nyingi ni kiu. Makelele ya upepo ndani ya kofia nayo huchosha na kuharibu masikio kwa safari ndefu, ndiyo maana karibu wote tulikuwa na vizibo masikioni na ilitubidi tuvitoe ili tusikilizane.

Dada yetu aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyelibeba swali hilo tangu asubuhi, iwapo pikipiki yake ndogo ya cc 250 haituchelewishi. Mzee ndiye aliyemjibu. Alimweleza habari za Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili waliotoka London mwezi Desemba 1934 na kufika Cape Town mwaka 1935, wakiwa na pikipiki moja ya cc 600 aina ya Panther iliyovuta kigari cha pembeni na tela, na wakavuka nayo Sahara. Kisha akamwambia kwamba katika klabu hii hakuna anayechelewesha msafara, kwa kuwa mwendo wa msafara ni wake yeye, na wengine wamekuja kumsindikiza. Nilimwona akitabasamu, na nilimwona pia mwenzetu mwenye koti lililochubuka akitazama chini.

Njia ya kurudi tuliendesha polepole zaidi, na jua likawa mgongoni mwetu. Wengi hufurahia jua la mgongoni kwa sababu barabara huonekana kama imechorwa, kila jiwe na kivuli chake. Lakini vivuli vyetu vilikuwa virefu mbele yetu, na hiyo ni dalili ya kutahadhari: anayekuja kutoka mbele anatazama jua usoni na hawezi kutuona kabisa. Niliona gari moja likianza kukatiza mbele ya kiongozi kutoka kwenye njia ya shamba, kisha likasimama ghafla. Kiongozi alikuwa ameshaachia mafuta na kusogea upande wa mbali tangu alipoliona, akapita akimpungia mkono dereva. Wote sita tulipita vilevile, mmoja mmoja, na kila mmoja akapunga.

Katika kilomita 40 za mwisho niliona jambo lililonituliza moyo. Pengo lilipofunguka, mwenzangu aliye mbele yangu aliliacha lifunguke. Kona ziliwachukua wengine, tukabaki wawili barabarani, na mabega yake hayakuinama. Baada ya dakika chache tuliwakuta, kama ilivyokuwa lazima tuwakute, wakiwa kwenye mwendo mtulivu ambao kiongozi alikuwa ameushika kwa makusudi, akisubiri taa yangu iingie kwenye kioo chake. Nilipoingia tu, alinyanyua mkono wa kushoto na kuonyesha vidole viwili, tukarudi kwenye kupishana.

Tulifika giza likiingia, pikipiki 14, injini zikatatarika zikipoa. Mzee alitembea kutoka chombo kimoja hadi kingine akigusa kila tangi na kuhesabu kwa sauti, na alipofika kwangu akasema "kumi na nne", ndipo akavua glavu zake. Mwenzetu ameagiza mkono mpya wa klachi na ameomba mwezi ujao aendeshe wa tatu, nyuma ya dada yetu. Mimi nimeomba nibaki mkiani.